Kinda wa Pili

Nilipokisoma kile kibao nilidhani fundi wa rangi amekosea. Punda Maria. Tulikuwa barabarani tangu alfajiri kutoka Johannesburg, migongo imekauka, na mbele yetu lilisimama lango la kaskazini la Hifadhi ya Taifa ya Kruger likiwa na Kiswahili kilichoteguka. Kumbe si kosa. Husimuliwa kwamba mwaka 1919 Kapteni Coetser, askari wa wanyamapori wa kwanza kupangiwa upande ule, alikuja na maneno machache aliyoyaokota kwenye vita vya Afrika Mashariki, na mojawapo lilikuwa punda milia. Mkewe aliitwa Maria, na alipenda magauni ya mistari. Malizia mwenyewe. Ningekuwa mimi ndiye Bi Maria, Kapteni angelala nje.

Naanza na punda ilhali nilifuata ndege, maana safari nzima ilikuwa hivyo: maneno ya nyumbani niliyakuta nisikoyatarajia, na yale niliyoyahitaji sikuwa nayo.

Abiria tulikuwa sita, wote na darubini shingoni, na watano walikuwa na orodha. Kwa watazamaji ndege wa huko, Kusini mwa Afrika ni eneo lenye uzio kamili: kilicho kusini ya mito Kunene na Zambezi kimo, kilichobaki hakimo. Vitabu vyao vimepangwa hivyo, na ndege waliomo ni zaidi ya 900. Mama mmoja wa Pretoria, mwalimu mstaafu aliyepewa kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yake, alikuwa ameshapita 700. Kila mpya humwandika kwa penseli, tarehe na mahali, kwa mwandiko wa ubaoni. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba yule pungu aliyekuwa akielea juu yetu nimemwona mara nyingi tu Mikumi. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mikumi haihesabiki," akasema.

Ndege akivuka Zambezi kwenda kaskazini ameanguka nje ya ukurasa. Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngoni wa Songea, na Mngoni wa Songea atakwambia alikotoka kabla hujamuuliza. Wazee wake walikuwa upande ule wa kusini. Wakakimbia vita, wakapanda na kiongozi wao Zwangendaba, na Novemba 1835 wakavuka Zambezi siku ambayo jua lilipatwa mchana. Ukingo wa kitabu cha mwalimu ndio huo huo walioukanyaga wakiwa na ng'ombe na watoto, wakaendelea.

Wapenda ndege wa Kruger wana sita wao wakubwa, labda ili wasinyanyaswe na watu wa simba na tembo. Kuna tandawala, anayetembea nyikani kama mkaguzi wa shule. Kuna tumbusi ngusha, tai mkubwa mwenye madoa kifuani, korongo mwenye tandiko la njano juu ya mdomo, na bundi mvuvi wa mitoni. Wa sita ni mumbi. Nimewapanga hapa kirahisi, lakini ndani ya gari walinitoa jasho. Kiingereza chao chote nilikuwa nacho. Kiswahili nilijua cha wawili watatu, na hilo jina mumbi nililikuta kwenye kamusi ukubwani, kama mtu anayelijua jina la shangazi yake kwenye cheti cha kifo.

Maana mumbi mwenyewe nilikuwa namfahamu tangu utotoni, kwa sauti. Mwisho wa mwaka, joto linapokaba na kila mtu anatazama mbingu, kulikuwa na mlio unaotoka bondeni chini ya shamba la bibi kabla hakujapambazuka. Mzito, wa ndani, kama mtu anayepuliza mdomoni mwa mtungi: huu-huu, huu-huu-huu. Mmoja akimaliza, mwingine anajibu kwa sauti ya juu kidogo. Bibi akiusikia hakusema ndege gani, wala hakutueleza chochote. Alisema neno moja kutoka kitandani: "Anueni!" Nasi tukatoka na matongotongo yetu kwenda kuanua mihogo iliyolala nje juu ya mwamba. Mvua wakati mwingine ilikuja siku ile ile. Wakati mwingine ilikuja baada ya siku nne, na iko miaka haikuja kabisa. Mihogo hata hivyo ilikuwa ndani.

Sikuwahi kumuuliza jina la mwenye sauti. Sikuwahi kuteremka bondeni kumtazama. Mtoto huamini kwamba anayejua ataendelea kuwepo.

Kutoka Punda Maria tuliteremka hadi Pafuri, kona ya mwisho ya hifadhi, ambako mto Luvuvhu unaingia Limpopo na nchi tatu zinatazamana: Afrika Kusini, Zimbabwe na Msumbiji. Penyewe panaitwa Crooks' Corner, pembe ya wahalifu, kwa sababu zamani majangili wa pembe za ndovu walikaa hapo. Askari wa nchi moja akitokea, unavuka kwenda nyingine. Siku hizi wanaovuka ni mamba na ndege. Migunga yenye magome ya njano inasimama majini kama imepakwa unga wa manjano, na mibuyu ile ni minene kiasi cha kukufanya ushushe sauti. Katika hifadhi nzima, watazamaji ndege hawana mahali wanapopapenda kuliko hapa.

Panapendeza, na palikuwa na watu. Mwongozaji wetu alikuwa Mmakuleke, mwanamume wa makamo mwenye kofia iliyofifia. Tulimwita tatana, kama wanavyoitwa wanaume wazima kwa Kitsonga, naye aliniita sesi. Mwaka 1969 serikali ya ubaguzi iliwahamisha Wamakuleke kwa nguvu kutoka Pafuri, watu wapatao 3,000, ardhi yao ikatiwa ndani ya hifadhi. Waliidai baadaye, na mwaka 1998 wakarudishiwa. Hawakurudi kujenga. Waliiacha iwe pori, wakakubaliana na hifadhi juu ya uendeshaji, na mapato ya kambi za wageni yana fungu lao. Mtu anaweza kulitia hilo kwenye hotuba ya mafanikio. Tatana hakuwa na hotuba. Alizaliwa kule walikohamishiwa, na mto Luvuvhu aliujua kwa maneno ya babu yake kabla hajauona kwa macho. Mahali fulani, bila kibao wala jiwe, alipunguza mwendo akaonyesha kwa kidevu mbuyu mmoja kati ya mibuyu. "Zizi la babu," akasema, akaongeza gia. Mwalimu alikuwa ameinua darubini akidhani ameonyeshwa ndege.

Usiku ule nililala kidogo. Joto la Novemba Pafuri linakulalia kifuani kama mtoto wa mtu mwingine. Saa kumi na nusu hivi nilisikia: huu-huu, huu-huu-huu.

Kijana mmoja wa kundi letu alitoa kichwa hemani. "Simba!"

"Simba mwenye manyoya," tatana akajibu gizani. Alikuwa ameshaamka, anachochea moto wa chai. Wengi hukosea hivyo, akanieleza baadaye, maana ule mlio unasafiri kilomita tatu na zaidi, na ukishatambaa chini ya miti unafanana na ngurumo. Nilitoa simu nikarekodi, dakika moja na nusu, pamoja na nyenje na kukohoa kwa kijana wa simba. Kisha nikagundua kwamba mikono yangu inatafuta kitu cha kuanua.

"Kwenu mnamwitaje?" tatana akaniuliza tukinywa chai.

"Mumbi."

"Mumbi." Alilitafuna kidogo. "Na bibi yako alimwitaje?"

Nikamsimulia. Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hilo si jina, sesi. Hiyo ni amri."

Akanipa majina ya majirani. Wazulu husema insingizi, Waxhosa intsikizi. Makaburu humwita bromvoël, ndege anayenguruma. Washona husema dendera, na Simon Chimbetu wa Zimbabwe aliuita muziki wake jina hilo. Ukiyasikia magitaa yake mazito ya chini utaelewa mara moja. Niliyaonja yote mdomoni nikisubiri moja liamshe kitu, nikidhani labda bibi alilitaja siku moja akipepeta mahindi nami sikuwa nasikiliza. Hakuna lililoamka.

Karibu kila mahali anapoishi, huyu ni ndege wa mvua. Na kwa kuwa ni wa mvua, anaogopwa. Haliwi, hauawi ovyo, na akitua juu ya paa la mtu hapo nyumbani pana mazungumzo. Waxhosa wa zamani, ukame ukizidi, walimtosa mmoja mtoni afe na kuoza humo, mbingu zilie kuusafisha mto. Watu wa uhifadhi husimulia hilo kwa kusikitika. Mimi nalipima tofauti kidogo: ndege mmoja katika ukame mmoja, na miaka yote mingine hofu inamlinda kuliko askari mwenye bunduki. Kilichomwangusha mumbi ni vitu visivyomwogopa. Ni sumu inayotegewa mbweha, risasi za madini ya risasi zilizobaki ndani ya mizoga, na miti mikubwa yenye mashimo iliyokatwa, maana huyu hatagi penginepo ila ndani ya shimo pana au mwambani.

Tulimpata siku ya mwisho, tukirudi, wakati hatumtafuti. Ndani ya Kruger mwendo kwenye lami ni kilomita 50 kwa saa, na watu hulalamika; ningekuwa na uwezo ningeshusha hadi 30. Tatana alizima injini. Walikuwa wanne, wanatembea kando ya barabara kwa mstari uliolegea kama wazee wanaotoka kikaoni. Weusi tii, wakubwa kama bata mzinga, wanakanyaga kwa ncha za vidole kana kwamba lami ni ya mtu. Dume lililotangulia lilikuwa na ngozi nyekundu usoni na kooni, nyekundu ya pilipili iliyoiva, imetuna kama puto. Jike alikuwa na baka la zambarau chini ya mdomo.

Dume yule alikuwa amebeba mzigo. Ndani ya ule mdomo mrefu nilihesabu panzi wawili, chura, na kipande cha nyoka kilichokuwa bado kinajikunja. Mbele yake akaruka panzi mwingine. Sasa fanyaje? Aliweka mzigo wote chini, taratibu, akamkamata panzi, akambana mara mbili, akamlaza pembeni ya wenzake. Kisha akaanza kuokota upya: nyoka kwanza, halafu panzi mmoja, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa chura, chura akaruka. Akamfuata, akambana, na panzi mmoja akadondoka. Akatua tena mzigo wote, akaupanga upya, kama mama aliyenunua vitu vingi gulioni akagundua kapu amelisahau nyumbani. Dakika nne nzima. Hakukasirika. Mzigo ule haukuwa wake. Mahali fulani msituni palikuwa na kinda kwenye shimo la mti.

Yule mdogo wa kundi, ambaye shingo yake ilikuwa bado na rangi ya majivu iliyochanganyika na njano, alitujia. Alisimama ubavuni mwa gari, akainamisha kichwa, akajiona kwenye mlango uliong'aa. Ko! Akarudi nyuma, akajitazama tena. Ko! Ko! Tatana akanong'ona kwamba huidhania ile sura kuwa mgeni aliyevamia eneo. Kuna shule na nyumba zilizovunjwa vioo mpaka wenyewe wakashika bunduki. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye kope. Mumbi ana kope, ndefu, nyeusi, zimepinda juu kama za bibi harusi. Ni manyoya magumu yanayokinga jicho na vumbi na jua. Kutoka umbali wa mkono mmoja, juu yake kioo cha dirisha kimeshushwa nusu, alinitazama kwa jicho la njano iliyopauka, akapepesa. Nikasahau kupiga picha. Mwalimu alikuwa na penseli nyuma ya sikio, hakuigusa.

Yeye ndiye aliyetueleza mengine, gari lilipoondoka. Kumbe alikuwa amesoma kazi za Alan Kemp, mtaalamu aliyewachunguza mumbi wa Kruger kwa miaka mingi, na alizisimulia kama mtu anayesimulia habari za mtaa wake. Katika kundi zima wanaozaa ni jozi moja tu. Waliobaki, wakubwa na wadogo, ni wasaidizi: wanalinda eneo, wanaleta chakula, wanajifunza. Jike hutaga mayai mawili, la pili siku kadhaa baada ya la kwanza, lakini hulalia tangu la kwanza. Kwa hiyo kinda wa kwanza huanguliwa mapema, na wa pili anapotoka ganda humkuta ndugu yake ameshakuwa mkubwa. Hakuna anayempiga. Halishwi tu. Baada ya siku chache amekufa kwa njaa, na chakula kipo, kinaletwa mafungu kwa mafungu, kama tulivyoona.

Yai la pili ni akiba, iwapo la kwanza litaharibika. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza, ndani ya shimo la mti, ubavuni mwa ndugu aliyeshiba.

Na ndege hawa hawana haraka. Kwa wastani, kundi moja la Kruger humfikisha kinda mmoja ukubwani kila baada ya miaka 9. Ukiua mumbi mmoja mzima umeula muongo.

Kwa hiyo pale Mabula, katika mkoa wa Limpopo, tangu mwaka 1999 kuna mradi wa kuwaokota makinda wa pili kabla hawajafa. Mtu anapanda kwenye shimo, anamchukua yule ambaye ndege wenyewe wamemwacha, anamlea. Nilifurahi haraka, kama wanavyofurahi wasomaji wa habari njema. Mwalimu akaninyoosha. Kulisha ni kazi nyepesi, akasema. Kinda aliyelelewa kwa mikono ya watu hukua akawa na manyoya yote, mdomo wote, kope zote, na hajui kitu. Hajui nyoka yupi anashikwa wapi. Hajui wakati wa ukame maji yako upande gani, wala hajui nani wa kumwogopa, na hana wa kumjibu alfajiri. Ukimwachia porini hivyo umemtuma kufa mbali na macho yako. Ndiyo maana huwekwa pamoja na mumbi wakubwa, ndege waliozaliwa na kukulia porini, atembee nyuma yao miaka. Wenyewe wanaiita shule ya porini.

"Na walimu wanapatikana wapi?" tatana akauliza bila kugeuka.

Hapo ndipo penye kidonda, mwalimu akakubali. Kundi hula pamoja. Likikuta mzoga mmoja uliotiwa sumu, hufa mwalimu na mwanafunzi asubuhi moja, na eneo kubwa kama wilaya hubaki bila ndege anayejua njia zake.

Gari lilinyamaza kwa kitambo. Sina hakika ninavyoliona jambo la kumchukua yule kinda. Kuna upande wangu unaosema ya shimoni yaachwe shimoni, na upande mwingine umeshaona kope zile. Nilikuwa na simu mkononi yenye programu ya sauti za ndege wote wa kusini, picha zao, ramani zao, majina kwa lugha nne. Niligusa alama ya mumbi, ikalia vizuri kuliko bondeni kwetu. Nikahisi nimeota manyoya.

Mtandao ulirudi karibu na Punda Maria. Nikamtumia mama, Songea, ile sauti niliyoirekodi alfajiri, bila maelezo. Sikuandika Kruger wala ndege. Mama hapendi kuandika. Hujibu kwa kusema, simu akiishika kama kipande cha muhogo.

Tulikuwa tumesimama langoni, askari anakagua karatasi, lilipoingia jibu. Nyuma ya sauti yake palisikika ndoo ikiburutwa na kuku wakilalamika. Hakuuliza niko wapi.

"Hao wako karibu sana, mwanangu. Jike ndiye ameanza. Huko mmeanua?"

Tatana akataka kujua mama kasema nini. Nikamtafsiria. Alitazama juu, upande wa Limpopo, ambako hapakuwa na wingu hata moja. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya gari, akaanza kuifunga turubai juu ya mizigo.